Injini ya glo ya .46 inakata angani tangi likifika nusu: tatizo ni kabureta?

Pua_Juu (Arusha)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa injini ya glo (inayotumia mafuta ya methanoli na plagi yenye waya unaowaka) ya mipigo miwili, ukubwa wa inchi za ujazo .46 (cc 7.5), iliyofungwa kwenye ndege ndogo ya rimoti ya mafunzo yenye bawa la juu, upana wa bawa mita 1.6.

Chini haina shida. Inawaka haraka, inashika sailensi (mwendo mdogo wa kusubiri), na nikitia resi yote inapanda bila kusita. Tangi likiwa limejaa inaruka vizuri tu. Balaa linaanza tangi likikaribia nusu: nikiinua pua kupanda, sauti inakuwa nyembamba na kali, nguvu inashuka, na nisipowahi kushusha pua inazima kabisa. Nikiwahi, inarudi kama kawaida. Nikitua nakuta mafuta bado yapo ya kutosha.

Tangi ni la cc 320, mipira mitatu: wa kabureta, wa presha kutoka eksozi, na wa kujazia. Mafuta ni methanoli yenye nitro (nitromethani) 10% na oili 18%. Propela ya inchi 11x6, plagi mpya, sindano (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) imefunguliwa mizunguko miwili na nusu. Nimeifungua sindano kidogo zaidi, nusu tangi ikapata nafuu, lakini tangi likijaa inagugumia na kutoa moshi mwingi.

Maswali mawili. Je, kabureta ibadilishwe? Na ndege itapelekwa Dar mwisho wa mwezi. Sindano iliyopangwa Arusha itafaa kule?

Bawa_Refu

Mkuu, hiyo inakosa mafuta tu. Fungua sindano nusu mzunguko, vumilia huo moshi tangi likijaa, maisha yaendelee. Injini ikizidiwa mafuta kidogo haifi. Ikikosa mafuta ndiyo inakufa.

Fundi_Sindano

Bawa_Refu yuko sahihi kwamba ni heri izidiwe kuliko ikose. Lakini sindano siyo mgonjwa hapa. Sindano ni tundu lisilobadilika: ukiipanga, inapitisha kiasi kilekile mradi mafuta yanaifikia kwa hali ileile. Injini inayobadilika kadiri tangi linavyoshuka inakuambia kwamba kinachobadilika kiko nyuma ya sindano, yaani tangi, mipira na presha. Ukifungua sindano unaficha dalili, na siku mpira utakapochanika zaidi huna tena pa kufungua. Kwa hiyo Pua_Juu, rudisha sindano ulipoitoa, na kabureta iache kwanza.

Angalia dalili zako. Tangi likijaa, hakuna tatizo. Likifika nusu na pua ikiwa juu, injini inalia njaa. Pua ikiinuka, mafuta yote yanakimbilia nyuma ya tangi na sehemu ya mbele inabaki na hewa. Maana yake ni kwamba mpira wa kabureta unavuta hewa kutoka sehemu ya mbele ya tangi. Hilo lina sababu mbili za kawaida.

Ya kwanza ni klanki, kile kizito kilicho mwisho wa mpira ndani ya tangi. Kazi yake ni kufuata mafuta yanakokwenda. Ndege ikitua vibaya ikasimamia pua, klanki inarushwa mbele, mpira unajikunja, na haurudi tena. Tangi likiwa limejaa hutajua, kwa sababu hata huko mbele kuna mafuta. Likipungua, klanki inaning'inia hewani.

Ya pili ni mpira wenyewe kuchanika pale unapovaa kibomba cha shaba, karibu na kizibo. Kibomba kikikatwa bila kusuguliwa ncha, kinaacha ukingo mkali kama wembe, na kila mtikisiko unaukereza mpira kutoka ndani. Ufa ukiwa umezama, unavuta mafuta na kila kitu ni sawa. Ukifunuliwa, unavuta hewa.

Huhitaji kuwasha injini kujua ni ipi. Nunua sirinji ya ml 60 duka la dawa. Weka mafuta nusu tangi. Chomoa mpira kwenye kabureta, uchomeke kwenye sirinji. Acha mpira wa presha wazi ili tangi lipumue. Simamisha ndege pua juu kabisa, subiri mafuta yatulie, kisha vuta sirinji taratibu. Yakija mafuta matupu yasiyo na povu, njia ya ndani ya tangi ni nzima. Ikija hewa tupu, klanki imekunjamana mbele. Yakija mafuta yaliyochanganyika na mapovu mfululizo, mpira una ufa au tundu. Mapovu machache ya mwanzo yapuuze, hayo ni hewa iliyokuwa kwenye mpira.

Onyo moja: usivute wala kupuliza mipira hii kwa mdomo. Methanoli ni sumu, kiasi kidogo tu kinapofusha, na inapenya hata kwenye ngozi.

Mruka_Pwani

Naongezea kwa Fundi. Kipimo cha sirinji kikionyesha mafuta matupu, usikate tamaa, bado kuna njia ya presha.

Injini nyingi za aina hii hazina pampu. Zinategemea mvuto wa kabureta na presha ndogo ya eksozi inayoingia kwenye tangi na kuyasukuma mafuta yatoke. Piga hesabu: tangi lenye urefu wa sentimita 12, mbele yake iko sentimita 8 nyuma ya sindano. Ndege ikiwa sambamba, mafuta na sindano viko karibu usawa mmoja. Ikisimama pua juu na tangi nusu, uso wa mafuta uko sentimita 14 chini ya sindano. Presha ya eksozi ndiyo inayoyapandisha. Ikivuja, ndege inaruka vizuri sambamba na inakufa ikipanda, na hali inazidi kuwa mbaya kadiri tangi linavyopungua. Dalili zinafanana sana na za ufa, ndiyo maana watu wanapotea hapa.

Kagua hivi. Chomoa nipeli (kibomba kidogo) ya presha kwenye eksozi uiangalie kwenye mwanga: masizi ya oili yanaziba tundu lake taratibu bila kelele. Kaza boliti za eksozi injini ikiwa imepoa, kwa sababu hulegea kila mara. Angalia kizibo cha tangi: skrubu yake ikilegea utaona mafuta yanalowesha sponji. Na hakikisha mpira wa kujazia umezibwa sawasawa baada ya kujaza. Kizibo kisichobana kinatoa presha yote nje.

Kuna kipimo cha haraka injini ikiwa imewaka chini, ndege imeshikwa na mtu au imefungwa kamba, nawe uko nyuma ya propela. Tia resi yote, kisha chomoa mpira wa presha kwenye eksozi. Injini inapaswa kubadilika papo hapo: mzunguko unapanda kidogo kisha unaanguka. Isipobadilika kabisa, presha haikuwa inafika kwenye tangi tangu mwanzo. Rudisha resi chini haraka, usiiache ikikauka.

Jambo jingine ni mahali tangi lilipo. Mstari wa katikati wa tangi uwe usawa wa sindano au chini yake kidogo, karibu mm 10. Likikaa juu sana, mafuta yanamwagikia injini ikiwa imezimwa na unapata shida ya kuwasha. Likikaa chini sana, unapata tatizo lako. Tangi lizungushiwe sponji laini la unene wa angalau mm 6, lisiguse mbao za ndani wala ukuta wa mbele uliofungwa injini. Tangi linalogusa mbao linatikiswa hadi mafuta yanageuka povu, na povu ni hewa. Sawazisha propela pia. Hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha mtikisiko.

Kama una filta kati ya tangi na kabureta, iondoe wakati wa kupima. Zile filta za kufungua zina oringi (pete ya mpira) katikati, ikikauka inavuta hewa na hakuna mtu anayeishuku. Binafsi naona filta mahali pake ni kwenye mpira wa kopo la kujazia.

Mbarika_18

Wakuu mmemaliza mambo ya mabomba, niseme kuhusu mafuta yenyewe. Pua_Juu umesema nitro 10% na oili 18%. Je, ni ya kununua tayari au umechanganya mwenyewe?

Nauliza kwa sababu wengi hapa kwetu wanachanganya wenyewe, na kosa linalorudiwa ni kutumia oili ya 2T (ya mipigo miwili) ya pikipiki. Nyingi zimetengenezwa ziyeyuke kwenye petroli. Kwenye methanoli hazichanganyiki, zinajitenga. Klanki ikivuta methanoli isiyo na oili, pistoni na silinda vinasagana kavu. Kipimo ni rahisi: weka mchanganyiko kwenye chupa ya kioo yenye kizibo, tikisa, acha usiku kucha mahali pa baridi. Ukikuta tabaka mbili au ukungu chini, usiutie kwenye injini.

Mafuta ya mbarika yanayeyuka kwenye methanoli na yanahimili joto vizuri sana, ndiyo maana yametumika kwenye injini hizi tangu zamani. Lakini yawe safi, yaliyoondolewa utomvu, siyo ya nywele. Hayo ya saluni mara nyingi yametiwa manukato na mafuta mengine. Mchanganyiko mzuri kwa .46 ni oili 18 hadi 20%, ambamo robo au zaidi kidogo ni mbarika na iliyobaki ni oili ya sintetiki ya glo. Mbarika peke yake inaacha rangi ya kahawia iliyoganda kwenye pistoni na ndani ya eksozi, na ndiyo inayoziba ile nipeli aliyoitaja Mruka_Pwani.

Methanoli inafyonza maji kutoka hewani. Kopo lililobaki robo, limefunguliwa mara nyingi, kwenye unyevu wa pwani, linaharibika bila kubadilika rangi. Dalili zake ni plagi kuzima ukiondoa betri, na sindano kutotulia: leo hapa, kesho pale. Hamishia mabaki kwenye kopo dogo lijae, funga, weka kivulini. Kabla hujailaumu injini, jaribu kopo jipya.

Na liandikwe SUMU kwa herufi kubwa, lisikae kwenye chupa ya maji au soda hata kwa dakika moja. Moto wa methanoli mchana hauonekani kwa macho, kwa hiyo ukiona hewa inachezacheza juu ya injini kama joto la lami, usisogeze mkono.

Pua_Juu

Asanteni sana wakuu. Mafuta ni ya kununua tayari, kopo limefunguliwa karibuni. Nimefanya kipimo cha sirinji: pua juu yanakuja mafuta yenye mapovu mfululizo, pua chini yanakuja mafuta matupu. Nimefungua tangi, mpira umekatika karibu nusu ya mzingo wake pale pale kwenye ncha ya kibomba, na ncha hiyo haikuwa imesuguliwa.

Je, kuna mpira maalumu wa kununua? Duka la vipuri vya pikipiki wana ule wa njano unaopitisha mwanga. Na sasa nipangeje sindano upya? Pia nimegundua kitu: nikikaa sailensi muda kidogo kisha nikitia resi ghafla inagugumia, inatema moshi, ndiyo inapanda.

Fundi_Sindano

Mpira wa silikoni kwa glo, ndani na nje. Ule wa njano wa pikipiki ni wa petroli. Ndani ya tangi la methanoli unakuwa mgumu na klanki inashindwa kucheza. Kinyume chake pia ni kweli: silikoni kwenye petroli inavimba na kuoza, kwa hiyo mwenye injini ya petroli asinakili ushauri huu.

Sugua ncha ya kibomba kwa msasa laini, nje na ndani, hadi ukipitisha ukucha haukwami. Osha vumbi la shaba lote, kwa sababu likifika kwenye sindano utaanza safari nyingine. Kata mpira kwa wembe mpya, siyo mkasi. Urefu uwe wa kuiacha klanki mm 5 kutoka ukuta wa nyuma, isiguse. Kisha geuza tangi pande zote usikilize: klanki inapaswa kugonga juu, chini, kushoto na kulia. Kama inajikunja mbele kirahisi, kata mpira katikati na uingize kipande kifupi cha kibomba kilichosuguliwa pia ncha zote mbili. Kinaufanya mpira uwe mgumu katikati lakini mwisho wake bado unacheza.

Funga kizibo, ziba mipira miwili, zamisha tangi kwenye ndoo ya maji na sukuma hewa kwa sirinji kupitia mpira wa tatu. Povu lolote linalotoka nje ni kasoro. Suuza kwa methanoli kidogo kabla ya kulirudisha.

Sasa kupanga. Anza na sindano kubwa (ile ya resi yote) ikiwa imefunguliwa mizunguko mitatu, washa, acha ipate moto kwa dakika moja hivi kwa resi ya kati. Tia resi yote, funga sindano taratibu, alama moja moja, ukiipa injini sekunde chache kila mara. Mzunguko utapanda hadi kilele. Ukifika kilele fungua tena hadi usikie umeshuka kidogo. Kwa takometa (kipima mizunguko) ni kushuka mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Kisha inua pua juu kabisa kwa sekunde kumi hivi, mtu mwingine akishika ndege imara. Mzunguko ukibaki palepale au ukipanda kidogo, umemaliza. Ukianza kuanguka, fungua alama mbili zaidi na urudie. Kipimo hiki kifanye na tangi nusu, siyo lililojaa, kwa sababu nusu ndiyo ilikuwa inakuumbua.

Hiyo ya kugugumia ni skrubu ya mwendo mdogo, na usiiguse kabla sindano kubwa haijakaa. Shusha hadi sailensi, acha sekunde kumi, kisha bana mpira wa mafuta kwa vidole karibu na kabureta. Mzunguko ukipanda kidogo kwa sekunde mbili au tatu ndipo injini ife, imekaa sawa. Ikifa papo hapo bila kupanda, inakosa mafuta. Ikipanda sana na kuchelewa kufa, imezidiwa, na maelezo yako yanaonyesha ndipo ulipo. Geuza robo ya robo ya mzunguko tu, kisha pima tena.

Lakini angalia kwanza kabureta yako ni ya aina gani. Zenye sindano mbili, ukifunga skrubu ndogo unapunguza mafuta. Zenye tundu dogo la hewa mbele, ukifunga skrubu unapunguza hewa, kwa hiyo unazidisha mafuta. Watu wanazungusha kinyume siku nzima kwa kutojua hili.

Mruka_Pwani

Kuhusu Dar, usiende na sindano ya Arusha. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takriban 13% kuliko ya pwani. Injini iliyopangwa huko juu inapata hewa kidogo, na umeipa mafuta ya kuendana nayo. Ukiishusha Dar, hewa inaongezeka, mafuta yanabaki yaleyale, na inakosa mafuta kuanzia dakika ya kwanza. Huu ndio mwelekeo wa hatari. Anayetoka Dar kwenda Arusha anapata moshi na kugugumia tu, lakini anayeshuka pwani anaweza kuunguza pistoni.

Kabla ya kuwasha Dar fungua sindano kubwa nusu mzunguko, kisha panga upya kama alivyoeleza Fundi. Skrubu ndogo nayo itataka kuguswa kidogo. Baada ya mruko wa kwanza chomoa plagi uangalie waya wake: ukiwa unang'aa na laini, vizuri. Ukiwa wa kijivu, umekwaruzika au umepinda, fungua tena sindano na ubadilishe plagi.

Ukimaliza siku, chomoa mpira wa kabureta injini ikiwa imewaka iunguze mafuta yote yaliyobaki, maliza kutoa mafuta kwenye tangi, kisha tia matone matano au sita ya oili nyepesi kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha kwa mkono. Methanoli iliyobaki ndani na hewa ya chumvi vinakula beringi ya nyuma haraka sana. Kopo la mafuta lisafiri kwa gari, likiwa limesimama na kufungwa. Kwenye ndege ya abiria haliruhusiwi.

Pua_Juu

Kabureta ni ya sindano mbili. Mpira mpya umeingia, ndoo haikutoa povu hata moja. Nikipanga sindano nitaleta namba za takometa, tangi lililojaa na nusu, ili zibaki hapa kwa atakayekuja na tatizo kama hili.